Dk. Richard Bright: Tabibu aliyeusoma ugonjwa wa figo kwa kijiko na mshumaa

KIJIKO kimoja, mshumaa unaowaka na mkojo kidogo wa mgonjwa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vya Dk. Richard Bright, tabibu wa Hospitali ya Guy's jijini London, alipokuwa akipita kitanda hadi kitanda katika miaka ya 1820. Aliushikilia mkojo juu ya mwali, akasubiri. Mkojo wa mtu mwenye afya ulichemka ukabaki maji. Wa mgonjwa aliyevimba uso na miguu mara nyingi uliingia ukungu, kisha ukaganda mweupe kama ute wa yai uliomiminwa katika maji ya moto.

Kilichokuwa kikiganda ni albumini, protini ambayo kazi yake imo ndani ya damu na ambayo figo nzima haitakiwi kuiachia itoke. Takriban miaka 200 baadaye, kitu hicho hicho ndicho kinachotafutwa na maabara kila mtu mwenye kisukari anapoombwa kutoa mkojo ili figo zake zichunguzwe. Kilichobadilika ni kiasi. Bright aliiona albumini ikiwa imekwisha kumwagika kwa wingi, mgonjwa amevimba na kifo kinabisha hodi. Maabara za leo huidaka ikiwa bado inadondoka tone kwa tone, miaka mingi kabla mwenye figo hajahisi chochote.

Bright alizaliwa Septemba 28, 1789, mjini Bristol, bandari tajiri ya magharibi mwa Uingereza, miezi miwili na ushei baada ya wananchi wa Paris kulivamia gereza la Bastille. Baba yake, ambaye naye aliitwa Richard, alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki. Ukoo wa Bright ulijitajirisha kwa biashara na visiwa vya West Indies, na ulikuwa na mashamba ya miwa nchini Jamaika yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Si jambo la kupendeza kulitaja katika maisha ya mtu aliyetumia umri wake katika wodi za maskini, lakini halifichiki: masomo na safari zake za ujanani zililipiwa kwa fedha iliyopitia katika sukari.

Mwaka 1808 alipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, kusoma falsafa, uchumi na hisabati. Mwaka uliofuata alihamia udaktari. Hakukaa sana darasani, kwani mwaka 1810 alipata nafasi ya kwenda Iceland katika msafara wa Sir George Mackenzie, pamoja na kijana mwenzake Henry Holland, ambaye baadaye naye alikuwa tabibu mashuhuri. Bright alikabidhiwa jukumu la kuchunguza mimea na wanyama wa kisiwa hicho. Aliporudi, maandishi yake yaliingizwa katika kitabu cha msafara kilichotoka mwaka 1811. Tabia iliyomjengea jina baadaye ilikwisha kuonekana: kutazama kwa makini, kuchora alichokiona na kuandika bila kutia chumvi.

Kutoka Iceland alikwenda London kujifunza kazi katika Hospitali ya Guy's. Huko alikutana na Astley Cooper, daktari wa upasuaji aliyewasisitizia wanafunzi wake kwamba chanzo cha ugonjwa hutafutwa katika mwili wenyewe, na kwamba mgonjwa anapofariki kazi ya daktari inakuwa haijakwisha. Bright aliyapokea mafundisho hayo kwa moyo wote. Alirudi Edinburgh na kutunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1813, akakaa kwa muda mfupi Cambridge, kisha hamu ya kusafiri ikamrudia.

Mwaka 1814, vita vya Napoleon vilipotulia na mipaka ya Ulaya kufunguka, alipita Uholanzi na Ujerumani hadi Vienna, mji ambao majira ya baridi ya mwaka huo ulifurika wafalme na mawaziri waliokuja kuigawa upya ramani ya bara hilo. Hakulewa fahari ile. Aliiacha karamu akaingia Hungaria, akaandika juu ya barabara, kilimo, hali ya wakulima na maisha ya Waroma. Kitabu cha safari hiyo kilichapishwa mwaka 1818, kikiwa na michoro ya mkono wake mwenyewe. Akiwa njiani kurejea nyumbani mwaka 1815 alifika Brussels wiki mbili hivi baada ya vita vya Waterloo, akatembelea hospitali zilizosheheni majeruhi.

Mwaka 1816 alipata kibali cha kufanya kazi ya utabibu London na kuajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa homa za kuambukiza. Huko aliambukizwa mwenyewe, akanusurika kufa. Baada ya kupona na kuzunguka tena Ulaya, mwaka 1820 alipata nafasi ya tabibu msaidizi pale Guy's, na mwaka 1824 akawa tabibu kamili. Hakuhama tena.

Guy's ilikuwa hospitali ya watu wa chini. Iliasisiwa mwaka 1721 na Thomas Guy, muuza vitabu aliyetajirika, ikajengwa kusini mwa mto Thames karibu na Daraja la London. Waliolazwa humo walikuwa mabaharia, vibarua, watumishi wa majumbani na wanawake waliofanya kazi za suluba katika baridi na unyevu. Matajiri walitibiwa nyumbani kwao. Kwa hiyo tabibu aliyetaka kuona magonjwa kwa mamia, na kuyafuatilia tangu siku ya kulazwa hadi meza ya uchunguzi wa maiti, hakuwa na mahali bora kuliko pale.

Miongoni mwa wagonjwa hao, kundi moja halikukosekana wodini. Hawa walivimba. Uso ulijaa asubuhi, miguu ilibonyea ikiguswa, tumbo lilijaa maji, pumzi ikawa fupi. Matabibu wa enzi hiyo walikuwa na jina moja kwa hali hiyo yote na waliihesabu kuwa ugonjwa unaojitegemea, ilhali ni dalili tu, kama homa ilivyo dalili. Maji yalikuwa yakitoka wapi? Wengine waliulaumu moyo, wengine ini, wengine damu yenyewe. Figo hazikutajwa sana.

Si kwamba hapakuwa na aliyekaribia. Mwaka 1764 Domenico Cotugno, tabibu wa Naples nchini Italia, alipasha moto mkojo wa mgonjwa aliyevimba akauona umeganda. William Charles Wells mwaka 1812 na John Blackall mwaka 1813, wote nchini Uingereza, waliandika juu ya mkojo wa namna hiyo. Ufunguo ulikuwa mikononi mwao, lakini mlango hawakuufungua, kwa sababu hakuna kati yao aliyekwenda mbele akaonyesha kwamba kasoro ilikuwa ndani ya figo.

Bright alikwenda mbele. Njia yake haikuwa na ujanja wowote. Ilikuwa na subira tu. Mgonjwa mwenye uvimbe alipolazwa, mkojo wake ulipashwa moto na matokeo yakaandikwa. Alipofariki, mwili ulifunguliwa na figo zikakatwa na kutazamwa. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, wala watano. Lakini orodha ilipozidi kurefuka, mambo matatu yaliendelea kujitokeza pamoja: uvimbe wa mwili, mkojo wenye kuganda na figo zilizoharibika. Baadhi ya figo hizo zilikuwa kubwa na zilizopauka. Nyingine zilisinyaa, ngumu, zenye uso wa chembechembe kama ngozi iliyotoka vipele. Waliovimba kwa sababu ya ini mara nyingi mkojo wao haukuganda. Hapo ndipo kijiko na mshumaa vilipopata maana. Tabibu sasa aliweza kusema, mgonjwa akiwa bado hai kitandani, ni kiungo gani ndani ya mwili wake kilichokuwa kikifa.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1827 katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake cha taarifa za wagonjwa wa hospitali, na juzuu ya pili ikafuata mwaka 1831. Vitabu hivyo vingali vikitunzwa katika maktaba kubwa kwa sababu ya picha zake. Bright, ambaye mwenyewe alijua kuchora, alishirikiana na msanii Frederick Richard Say, na picha zikatiwa rangi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, ili tabibu aliye mbali aione figo ile kana kwamba iko mbele yake mezani. Kamera ilikuwa bado haijawafikia madaktari.

Kwa upande wa kemia alisaidiwa na Dk. John Bostock, aliyeipima mikojo na damu ya wagonjwa hao. Bostock aligundua kwamba wakati albumini inatoka katika damu kwenda kwenye mkojo, urea, ambayo ni taka inayopaswa kutolewa na figo, inapungua katika mkojo na kubaki katika damu. Yaani kichujio kiliachia kilichotakiwa kubaki na kubakiza kilichotakiwa kutoka. Daktari yeyote anayesoma leo majibu ya maabara ya mgonjwa wa figo, mkojo upande mmoja na damu upande wa pili, anasoma hesabu ile ile.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Mwaka 1822 Bright alimwoa Martha Babington, binti wa William Babington, aliyekuwa tabibu mashuhuri wa Guy's. Mwaka uliofuata Martha alijifungua mtoto wa kiume, na muda mfupi baadaye akafariki. Mwaka 1826 Bright alioa tena, safari hii Eliza Follett, dada wa mwanasheria maarufu William Follett. Kati ya watoto wa ndoa hiyo, James Franck Bright alikuwa mwanahistoria na mkuu wa chuo kimojawapo cha Oxford, na George Charles Bright akafuata udaktari wa baba yake.

Kazini alizungukwa na watu wa kimo chake. Thomas Addison, ambaye jina lake limebaki katika ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, alikuwa tabibu mwenzake, na mwaka 1839 walitoa pamoja kitabu cha misingi ya utabibu. Thomas Hodgkin, ambaye jina lake limebaki katika saratani ya mfumo wa limfu, ndiye aliyesimamia uchunguzi wa maiti na makumbusho ya hospitali. Ni nadra hospitali moja kuwa na watu watatu wa namna hiyo kwa wakati mmoja. Hodgkin, mtetezi asiyechoka wa haki za wenyeji wa makoloni, alinyimwa cheo mwaka 1837 akaondoka. Bright, mtu mpole asiyependa mabishano, alibaki na kuendelea kuhesabu.

Neno kuhesabu halitumiki hapa kwa mafumbo. Mwaka 1836, katika toleo la kwanza la jarida la hospitali hiyo, alichapisha jedwali la wagonjwa 100 wa figo waliofariki na kuchunguzwa, kila mmoja na alichokutwa nacho katika figo, moyo, mapafu na ubongo. Katika makala hayo alikadiria kwamba jijini London pekee watu wasiopungua 500 walikuwa wakifa kila mwaka kwa ugonjwa huo. Aligundua pia kwamba wengi wao walikuwa na moyo uliotanuka na kunenepa bila kasoro ya valvu. Alifikiri kwamba damu iliyochafuka huenda inabadilisha mwendo wake katika mishipa midogo na kuulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu zaidi. Kifaa cha kupimia shinikizo la damu kwa mkanda wa mkononi kilikuja karibu miaka 60 baada ya kuandika hayo.

Mwaka 1842 alifanya jambo ambalo kwa macho ya watafiti wa sasa ni kubwa kuliko yote. Uongozi wa Guy's ulimpa wodi mbili zenye jumla ya vitanda 42, 24 vya wanaume na 18 vya wanawake, kwa miezi sita, wagonjwa wa figo pekee. Kati ya wodi hizo palikuwa na chumba cha madaktari kukutania na maabara ndogo pembeni. Akisaidiwa na George Barlow pamoja na mwanakemia George Owen Rees, Bright aliwapima wagonjwa hao kwa utaratibu mmoja, siku hadi siku. Wodi zilizotengwa mahsusi kwa utafiti wa ugonjwa mmoja, zikiwa na maabara yake, hazikuwa zimezoeleka popote.

Yote hayo hayakumwezesha kuwaponya. Mgonjwa wa figo wa mwaka 1842 alitolewa damu, akapewa dawa za kuharisha na za kutoa jasho, akavishwa nguo nzito za sufi na kuambiwa ajikinge na baridi. Bright alikiri wazi katika maandishi yake kwamba ugonjwa ukishakomaa hakuna la maana analoweza kulifanya, na kwamba matumaini, kama yapo, yamo katika kuukamata mwanzoni. Tatizo ni kwamba mwanzo wenyewe hakuwa na kifaa cha kuuona. Kijiko kilipoonyesha mgando, figo ilikuwa imekwisha kuumia sana.

Kuna wagonjwa wengine wa Bright wanaostahili kutajwa, kwani kupitia kwao aliugusa ugonjwa ambao leo unaongoza kwa kuharibu figo. Katika makala aliyoyatoa mwaka 1833 kuhusu kongosho, alieleza habari za wagonjwa waliokuwa wakitoa choo chenye mafuta, na kati yao alikuwamo mwenye kisukari. Mwili ulipofunguliwa kongosho ilikutwa na uvimbe. Bright aliandika alichokiona bila kudai kwamba kongosho ndiyo iliyoleta kisukari. Uhusiano huo ulithibitishwa mwaka 1889 mjini Strasbourg, pale Joseph von Mering na Oskar Minkowski walipomtoa mbwa kongosho na mbwa huyo akapata kisukari.

Heshima zilimfuata bila yeye kuzikimbilia. Mwaka 1837 aliteuliwa kuwa mmoja wa matabibu wa Malkia Victoria, na mwaka uliofuata Ufaransa ilimtunuku medali ya Monthyon. Alistaafu Guy's katikati ya miaka ya 1840, akabaki na wateja wake binafsi nyumbani kwake Savile Row. Desemba 16, 1858, alifariki nyumbani hapo akiwa na umri wa miaka 69. Mwili wake ulichunguzwa, kama alivyowachunguza wengine maisha yake yote, ikaonekana valvu ya mshipa mkuu utokao moyoni imekakamaa kwa chokaa. Alizikwa katika makaburi ya Kensal Green.

Ugonjwa aliouchambua ulikuwa umekwisha kuitwa kwa jina lake duniani kote. Rais Chester Arthur wa Marekani, aliyefariki mwaka 1886, ni mmoja wa walioandikiwa jina hilo. Lakini kwa kipindi kirefu wenye kisukari hawakuwa wengi katika kundi hilo, na sababu yake inasikitisha: hawakuishi vya kutosha. Figo za mwenye kisukari huchukua kwa kawaida miaka 10 hadi 20 kuharibika kabisa, na kabla ya insulini kijana aliyepata ugonjwa huo alifariki ndani ya miezi au miaka michache. Insulini ilipoanza kutumika Toronto mwaka 1922, watu hao walianza kuishi. Walipoishi, figo zikaanza kudai haki yake. Mwaka 1936, mjini Boston, Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza vinundu walivyoviona katika vichujio vya figo za wagonjwa, wengi wao wakiwa na kisukari cha muda mrefu, kilichoambatana na uvimbe na albumini nyingi katika mkojo. Ilikuwa picha ile ile ya Bright, ila chanzo safari hii kilijulikana.

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Sukari inapokaa juu katika damu kwa miaka, na hasa shinikizo la damu nalo likiwa juu, kuta za vichujio hivyo hunenepa na kupoteza uwezo wa kuchagua. Albumini huanza kupenya. Mwanzoni ni miligramu chache kwa siku, kiasi ambacho hakiwezi kugandisha kitu katika kijiko wala kubadilisha rangi ya kijikaratasi cha kawaida cha kuchovya katika mkojo. Mgonjwa hana maumivu. Hajavimba. Mkojo unatoka kama kawaida na kazi anakwenda. Kwa hiyo mtu aliyepimwa kwa kijikaratasi na kuambiwa mkojo wake hauna protini hajaambiwa bado kwamba figo zake hazijaguswa.

Kilichofuata kina uzuri wake kwa wapenda historia, kwani kilitokea katika hospitali ile ile. Mwaka 1963 Dk. Harry Keen na mwenzake C. Chlouverakis, wakifanya kazi Guy's, walichapisha njia ya kupima albumini iliyo kidogo mno katika mkojo kwa kutumia kingamwili na chembe zenye mnunurisho. Sasa ilikuwa inawezekana kuona uvujaji ambao mshumaa usingeuona kamwe. Lakini je, uvujaji huo mdogo una maana yoyote, au ni jambo la kupita?

Jibu lilichukua miaka 14. Wagonjwa wa kisukari kinachotegemea insulini walipimwa mkojo wa usiku katika miaka ya 1966 na 1967, kisha wakatafutwa tena. Mwaka 1982 Giancarlo Viberti, Keen na wenzao walitoa matokeo ya wagonjwa 63. Kati ya 55 ambao albumini yao ilikuwa chini ya mikrogramu 30 kwa dakika, wawili tu ndio waliopata ugonjwa kamili wa figo. Kati ya wanane waliokuwa juu ya kiwango hicho, ingawa bado chini ya kile ambacho kijikaratasi huonyesha, waliopata ugonjwa walikuwa saba. Idadi ni ndogo, na mtafiti wa leo angedai kubwa zaidi, lakini tofauti ya namna hiyo haihitaji mtaalamu wa takwimu kuiona. Mwaka 1984 Carl Erik Mogensen wa Denmark alionyesha kwamba hata kwa wenye kisukari cha ukubwani uvujaji huo mdogo hutangulia ugonjwa wa figo na pia vifo vya mapema, vingi vikitokana na moyo. Bright, aliyeiona mioyo iliyonenepa mwaka 1836, asingeshangaa.

Utaratibu unaofuatwa sasa umejengwa juu ya kazi hizo. Mwenye kisukari cha aina ya pili hutakiwa kupimwa tangu siku ugonjwa unapogunduliwa, kwa kuwa huenda amekaa nao miaka bila kujua. Mwenye aina ya kwanza huanza miaka mitano baada ya kuugua. Kisha kipimo hurudiwa kila mwaka. Mkojo wa asubuhi ndio unaopendelewa. Maabara hulinganisha albumini na kreatinini iliyo katika mkojo huo huo, ili mkojo mzito au mwepesi usidanganye. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini huhesabiwa kuwa salama. Kati ya 30 na 300 ni dalili ya mapema. Zaidi ya hapo uharibifu umekwisha kukomaa. Kwa kuwa homa, maambukizi ya njia ya mkojo na hata mazoezi makali huweza kuipandisha albumini kwa muda, kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu: hurudiwa, na mara mbili kati ya tatu katika miezi mitatu hadi sita ndizo zinazothibitisha. Sambamba na hayo hupimwa damu ili kukadiria kasi ya figo kuchuja, kwani wapo ambao figo zao hudhoofika bila kuvujisha albumini. Hilo nalo Bright alipata kulikuta mezani pake.

Anayegunduliwa katika hatua hiyo ya mapema anakuta silaha ambazo wodi ya mwaka 1842 haikuwa nazo. Sukari na shinikizo la damu hudhibitiwa kwanza. Mwaka 1993 ilithibitishwa kwamba captopril, dawa ya shinikizo la damu, huzichelewesha figo za wenye kisukari cha aina ya kwanza kufa. Mwaka 2001 losartan na irbesartan zikaonyesha hivyo kwa aina ya pili. Na mwaka 2019 ikawa zamu ya canagliflozin, ya kundi la dawa zinazoifanya figo itupe sukari kwa njia ya mkojo. Hakuna kati ya hizo inayorudisha figo iliyokwisha sinyaa.

Jina la ugonjwa wa Bright limetoweka taratibu katika vyeti vya hospitali. Kadiri darubini na sindano za kuchukua kipande cha figo zilivyoboreshwa katika karne ya 20, ilidhihirika kwamba alichokiona kama ugonjwa mmoja ni mwingi: upo unaotokana na mwili kujishambulia, upo unaofuata maambukizi ya koo, upo wa shinikizo la damu. Kila mmoja ukapewa jina lake, na lile la zamani likaachiwa wanahistoria. Katika nchi nyingi, ugonjwa unaowafikisha watu wengi zaidi kwenye mashine za kusafisha damu ni ule wa kisukari.